Pole Zote za Banza

Jumamosi ile Berthe alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake katika saluni ya maman Rolande, Galerie d'Ixelles, Ubelgiji, akimsuka rasta nyembamba Georgina, Mtanzania, mke wa ofisa wa ubalozi, ambaye ngozi ya kichwa chake haitaki kuvutwa. Alipoinama kuchukua mèche, zile nywele za pakiti, fungu la nywele zake mwenyewe lilichomoka kisogoni likamwangukia Georgina begani. Georgina alidhani ni mèche. Alilishika, akalitazama, akamrudishia.

"Hii usiiweke, dada," alisema. "Texture yake haifanani na zingine."

Berthe alilitia mfukoni mwa aproni, akaendelea kusuka. Kufikia katikati ya wiki kichwa kilikuwa na viraka, na wiki ilipokwisha hakikuwa na kitu. Nyusi zilibaki, kana kwamba zilisahauliwa.

Sasa, nywele za Berthe hazikuwa za kutajwa kwa haraka haraka. Alitoka nazo kwao Likasi zikiwa zimemfika mgongoni, nzito, nyeusi, isipokuwa shungi moja jeupe juu ya sikio la kushoto alilozaliwa nalo. Wateja wa Galerie walikuwa wanaingia na kumwonyesha kidole: nataka kama zake. Na mume wake, Anaclet, mlinzi wa mlangoni katika jengo moja la ofisi kule Schuman, alikuwa na desturi yake. Jioni akishavua buti na kuwasha mpira kwenye televisheni, mkono wake wa kulia ulikuwa unaingia kwenye nywele za mkewe na kupapasa humo taratibu, kama mtu anayetafuta funguo mfukoni, mpaka mechi iishe. Ndoa ya miaka mingi haina maneno mengi. Yao ilikuwa na mkono ule.

Jioni ile nywele zilipokwisha kabisa, Anaclet alirudi kazini, akamtazama Berthe mara moja, akatazama ukuta.

"Itarudia," alisema. "Nywele si mukono."

Akawasha televisheni. Berthe alikaa mahali pake pa siku zote, akainamisha kichwa kidogo upande wa mume wake, asije akasema hakukiona. Mkono wa kulia ulishika rimoti. Walitazama timu mbili za Wahispania mpaka mwisho, na Berthe hakujua nani alishinda.

Alikwenda kumwona daktari Woluwe. Daktari alikuwa mpole, alimpapasa kichwa kwa vidole vilivyovaa glavu, akamwambia jina la ugonjwa, pelade, na kwamba mwili wenyewe ndio umezigeukia nywele zake, ukazifukuza. Huenda zikarudi, huenda zisirudi. Dawa zipo, atajaribu. Haui. Alisema hivyo mara kadhaa, kwamba haui, na mlangoni akamtakia courage. Berthe alimshukuru. Barabarani ndipo alipong'amua alichokuwa anakingoja mle ndani. Kifaransa, lugha tajiri inayojua jina la kila jibini, hakina pole. Kina désolé, ambayo ni ya mtu aliyekukanyaga mguu, na kina courage, ambayo ni kusukumwa mgongoni uendelee na safari. Berthe alitaka pole. Alitaka mtu mmoja tu akitazame kile kichwa na aseme pole, basi, kisha anyamaze.

Kwa hiyo aliamua kwenda kuitafuta Galerie, kwa watu wa kwao. Alifunga kitambaa cheusi, kwa sababu ndicho kilichokuwa safi, na ndani ya basi alifanya mazoezi ya sentensi yake: nilipata ugonjwa, nywele zote zimekatika, nina uchungu. Ilikuwa sentensi nzuri. Alipofungua mlango wa saluni, joto la mashine za kukaushia lilimpiga usoni, akainua mkono ajipepee, na kitambaa kikateleza mpaka shingoni.

Saluni nzima ikageuka. Kwetu mwanamke hakai kichwa wazi hivihivi. Mwanamke akinyoa, amefiwa na mtu wa damu yake, na hilo halihitaji kuulizwa. Kinachoulizwa ni jina tu. Wateja walisimama na mèche zao zikining'inia. Maman Rolande aliweka chini kitana, akaja mpaka kwake, akamkumbatia kwa mikono yote miwili.

"Pole, Berthe," alisema. "Pole sana, maman."

Na ilikuwa pole ya kweli, nzito, yenye harufu ya mafuta ya nywele. Iliingia moja kwa moja pale palipokuwa panauma. Berthe alilia kama hajawahi kulia tangu Jumamosi ile, na sentensi yake ikabaki mdomoni. Ungemwambiaje mtu akuondolee mikono, kwamba ameikosea?

"Nani alikufwa?" maman Rolande aliuliza.

"Mudogo yangu," Berthe alisema.

"Nani jina?"

"Banza."

Lilikuwa jina ambalo mama yake aliliweka akiba kwa mtoto wa kiume, na mtoto wa kiume hakuja. Walizaliwa wasichana watupu katika nyumba ile, na jina lilikuwa limekaa bure muda wote huo. Maman Rolande akauliza alikufa na nini. Berthe akasema kwa ghafula, na hapo angalau hakusema uongo.

Kuanzia siku ile Berthe hakusuka tena. Mwenye kilio hashiki kichwa cha mtu mpaka kilio chake kiishe, mkono wake una kifo; hata wateja Wabelgiji walielezwa wakaelewa. Kiti chake akapewa msichana mwingine, na yeye akapewa ufagio. Alikuwa anafagia nywele za watu, nyeusi, za kahawia, za rangi za pakiti, na kuzitia mfukoni, na kuupeleka mfuko nje.

Kilio kilianza jioni ileile, nyumbani kwake, ghorofa ya tatu. Anaclet alirudi kutoka Schuman akakuta viatu vimejaa ngazi mpaka kwa jirani. Ndani, akina mama wamekaa chini, akina papa wamekaa kwenye viti vya kuazima kanisani, na jikoni sufuria ya sombe, majani ya muhogo, inachemka. Anaclet alijua vizuri sana kwamba Berthe hana kaka wala mdogo wa kiume. Alikuwa amekwenda kuchumbia katika nyumba ile na mashemeji wote waliomlaki walivaa vitenge. Alisimama mlangoni kidogo na kofia ya kazi mkononi. Kisha papa mmoja mzee akainuka, akampa mkono, akamwambia pole kwa shemeji yako.

"Merci, papa," Anaclet alisema. "Njo maisha." Ndiyo maisha.

Akakaa. Ilikuwa rahisi zaidi. Baadaye Berthe alimfuata kwenye korido, akamshika mkono wa shati, akamwambia kwa sauti ndogo, "Anaclet, unajua sina mudogo mwanaume."

"Bantu bamekuja, Berthe," Anaclet alijibu. "Batakula nini?"

Wakala bukari, ugali wa kwao, na samaki wa thomson. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wahenga walisema, lakini mzigo wa Banza watu waliubeba kwa moyo. Walikuja wa Lubumbashi na wa Kolwezi, walikuja hata Wakinshasa na nyimbo zao za Kilingala. Mama mmoja wa Kolwezi aliyelia vizuri kuliko wote alikuwa anaitwa kutoka Anderlecht kila jioni. Wakaomba picha ya marehemu. Berthe alitafuta katika simu, akawatumia picha yake mwenyewe ya umri wa miaka kumi na saba, shati jeupe la shule, nywele zimefumuliwa zimejaa picha nzima, shungi jeupe juu ya sikio la kushoto. Waliichapisha kubwa, wakaifunga utepe mweusi.

"Mulifanana kabisa," walimwambia.

Papa mmoja alimkumbuka Banza alivyocheza namba tisa, Likasi, kabla hajaumia goti. Mwingine akasema hapana, goti lilikuwa baadaye. Kila mtu alimwita Berthe yaya ya Banza, dada mkubwa wa Banza, kwa heshima, na kwa jinsi hiyo jina la Berthe likaacha kutumika, kama chumba ambacho watu wameacha kuingia.

Ndipo Banza akafika. Ilikuwa jioni, kengele ililia, na maman Rolande ndiye aliyekwenda kufungua. Pale mlangoni alisimama kijana wa shati jeupe la shule, uso wa Berthe wa zamani, na nywele zile.

"Ah, défunt, marehemu mwenyewe," maman Rolande alisema. "Ingia. Viatu utoe hapo."

Akavua viatu. Watu walisogea, wakampa nafasi chini ya picha yake, wakampa sahani. Mama wa Kolwezi alimaliza ubeti aliokuwa ameuanza, akamsalimia, akaendelea na mwingine. Banza alikula vizuri, akawashukuru wote kwa kuja. Alikuwa mtu wa adabu. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, lakini huyu hakuijua, maana hakuwahi kuzikwa wala kuishi, kwa hiyo hapakuwa na mengi ya kumwuliza. Alilala kwenye sofa. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu Anaclet akampa kazi ya kuteremsha taka, akamweleza mfuko mweupe, wa buluu na wa njano, na Banza hakuikosea hata mara moja, jambo ambalo hata Anaclet mwenyewe lilikuwa bado linamshinda.

Berthe alikuwa anamtazama nywele tu. Alimtazama akila, alimtazama akilala. Jumapili moja mchana, Anaclet akiwa zamu na wageni hawajaja bado, alishindwa kuvumilia.

"Nikusuke?" alimwuliza.

Banza akaja akakaa chini kati ya magoti yake. Berthe aliingiza vidole. Zilikuwa zenyewe. Alizijua kwa uzito wake, alilijua lile zunguko la kisogoni lililokataa kitana tangu utotoni, mama yake alikuwa analigombeza kama mtoto mtundu. Alilikuta shungi jeupe na akaliacha la mwisho. Kwa muda kidogo mikono yake ilikuwa na furaha, na kichwa chake, kile cha juu, kilikuwa kinapigwa na baridi ya dirisha. Machozi yakaanza kumdondokea Banza kwenye mistari ya kichwa, akawa anayafuta kwa kidole gumba, aendelee.

"Banza," alisema. "We njo unajua hakuna muntu alikufwa. Unajua kitu nilipoteza. Niambie pole."

Banza alifikiri. Hakuwa na haraka.

"Yaya, pole zote balinipatia mimi," alisema. "Njo zinanisimamisha. Nikikupatia hata moja, nitaanguka."

"Moja tu."

Alitikisa kichwa, polepole, asiharibu mstari. Berthe hakumlaumu. Alimsuka mpaka mwisho kwa sababu kichwa hakiachwi nusu, akamfunga shungi jeupe kwa uzi, akaenda kuosha sahani za kilio.

Walimaliza kilio kabla ya Krismasi. Levée de deuil, sherehe ya kuondoa matanga, ilifanyika kwenye ukumbi wa parokia, watu walivaa vitenge vya sare, na maman Rolande ndiye aliyesimamia mambo ya kichwa. Alimketisha Berthe kwenye kiti katikati, akammwagia maji ya uvuguvugu, akamkausha kwa taulo mpya. Alitangaza kwamba huzuni imekwisha, kwamba nywele sasa ziote, na zikishafika urefu wa kushikika yaya ya Banza atarudi kwenye kiti chake cha kusukia. Akina mama wakapiga vigelegele. Anaclet alikuwa amesimama karibu na keki. Berthe alimwona anakitazama kile kichwa kinachong'aa maji, na kwa dakika hiyo moja aliamini kabisa kwamba atakuja. Anaclet akakata keki.

Banza alikula kipande chake, akazunguka ukumbi mzima akiaga watu kwa mkono, maana marehemu hakai baada ya levée de deuil. Berthe alimfuata mpaka kituo cha basi bila koti.

"Uniachie nywele," alimwambia. "Uende na vyote, ila nywele uniachie."

"Haiwezekane, yaya," Banza alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayesikitika kweli. "Défunt anaenda vile eko mu photo."

Basi la 71 likaja. Alikaa kiti cha dirishani, akampungia. Ile misuko aliyomsuka ilikuwa bado haijalegea hata mmoja, kazi nzuri.

Nywele hazikuota. Mwaka mpya ulikuja na manyunyu yake yasiyokwisha, dawa ya Woluwe ikaisha, ikaandikwa nyingine. Nyusi nazo zikakumbukwa, zikaondoka. Berthe aliendelea kufagia. Watu walimwita yaya ya Banza, au maman tu, na msichana aliyepewa kiti alikizoea mpaka akakiwekea mto. Nyumbani mkono wa kulia wa Anaclet ulikuwa na rimoti. Kuna jioni Berthe alifikiria kuuchukua auweke mwenyewe kichwani, lakini mkono wa kuwekwa si mkono wa kuja, na alijua akiuona unaondoka hatainuka tena pale alipokaa. Kwa hiyo hakuugusa.

Alasiri moja maman Rolande alikuwa hana mteja. Alimtazama akifagia, kichwa kinang'aa chini ya taa, miezi imepita.

"Yaya ya Banza," alisema, "nywele haioti. Nani tena alikufwa?"

Berthe aliegemea ufagio. Aliitafuta ile sentensi ya kwenye basi. Alijua ilikuwa na maneno ya kawaida, ugonjwa, uchungu, lakini haikuwapo tena, na alikuwa amechoka mno kutunga nyingine.

"Berthe," alisema.

"Berthe gani? Berthe yetu? Wa ku kiti ile?"

"Berthe yenu."

"Kwa gafula?"

"Kwa gafula."

Maman Rolande alikaa chini, taratibu, na mkono kifuani. Kisha akaanza kulia, na hakulia kama alivyomlilia Banza, alilia kama mtu aliyeibiwa.

"Pole, maman," alisema. "Pole, pole sana. Na nywele ile yake! Mungu anapatia muntu nywele kama ile, alors anaitosha, anaichukua yote? Mie ile nywele sitaisahau."

Ilikuwa ndiyo yenyewe. Neno kwa neno, ndiyo aliyoisafiria mpaka Woluwe na kurudi, na aliipokea kwa mikono miwili, na haikuingia. Ilikuwa imetumwa kwa ndugu wa marehemu. Berthe alimshika maman Rolande mabega mpaka akatulia, akamletea maji.

Kilio kilianza jioni ileile. Picha haikuwa shida safari hii. Ilikuwa ukutani saluni, Berthe wa mbele na wa nyuma, blauzi ya njano, nywele mpaka kiunoni, ya kuonyesha wateja. Anaclet alikuta viatu ngazini. Aliingia, akaitazama picha yenye utepe mweusi, na ikabidi papa wawili wamshike wamkalishe. Alilia mpaka mama wa Kolwezi akasimamisha wimbo wake kumngoja. Alisema alikuwa mke mwema. Alisema hakumwambia. Berthe, mwenye kitambaa cheusi na sinia, alimpa kikombe cha chai.

"Merci, maman," Anaclet alimwambia, na hakuinua macho.

Yule wa kwenye picha alifika jioni moja baada ya watu kwenda, na Berthe mwenyewe ndiye aliyemfungulia mlango. Mgeni alikuwa amevaa ileile blauzi ya njano. Nywele zilikuwa zote, hazikupungua hata unywele, hata lile fungu la Jumamosi lilikuwa limerudi mahali pake kisogoni. Alisalimia kwa adabu, akavua viatu bila kuambiwa.

Mpira ulikuwa umeanza. Anaclet aligeuka, akamwona, akasogea kumpa nafasi kwenye sofa.

"Kuja wikale," alisema.

Akakaa. Rimoti ikawekwa juu ya meza. Mkono wa kulia wa Anaclet uliinuka wenyewe, ukaingia kwenye nywele, ukaanza kupapasa humo taratibu, na macho yake yakarudi kwenye mechi. Berthe alisimama mlangoni pa jikoni na mwiko, akatazama mpaka maji yalipochemka. Kisha akarudi ndani kuongeza unga, kwa sababu sasa walikuwa watatu.